Nchi Jirani: Anga la Nairobi na Wajibu wa Kusema

Asubuhi ya tarehe 5 Machi, mwaka 2024, ndege mbili ziligongana juu ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, katika nchi jirani ya Kenya. Moja ilikuwa ndege ya abiria aina ya Dash 8, iliyokuwa imeondoka punde tu katika Uwanja wa Ndege wa Wilson kuelekea Diani, pwani ya Kenya, ikiwa na abiria 39 na wafanyakazi 5. Ya pili ilikuwa ndege ndogo aina ya Cessna 172, na ndani yake walikuwamo mwalimu wa urubani na mwanafunzi wake. Ndege kubwa ilirudi Wilson ikatua salama, na watu wote 44 wakashuka wazima. Ndege ndogo ilianguka mbugani, na wote wawili waliokuwamo wakafariki dunia.

Kutoa hukumu juu ya ajali ile ni kazi ya wachunguzi waliopewa dhamana hiyo kisheria. Lakini ajali ile ilikumbusha jambo ambalo ni kubwa kuliko ndege mbili na uwanja mmoja. Ilikumbusha kwamba anga la Nairobi, kama anga la kila mji wenye viwanja vingi vya ndege, limegawanywa baina ya watu wa namna mbili wasioonana uso kwa uso: rubani wa ndege ndogo, anayeruka kwa kuangalia nje ya dirisha lake, na mwongozaji wa ndege, anayekaa mnarani au mbele ya rada. Kinachowaunganisha wawili hao ni sauti tu. Sauti hiyo ikikatika, au ikisikika vibaya, au mmoja akiamua kunyamaza, basi macho peke yake hayatoshi kulinda roho za watu.

Historia ya jambo hili katika Afrika Mashariki inakaribia miaka 100. Klabu ya urubani ya Afrika Mashariki iliundwa Nairobi mwaka 1927. Miaka miwili baadaye, mwaka 1929, mama mmoja Mwingereza, Florence Kerr Wilson, alianzisha shirika la ndege lililochukua jina lake, Wilson Airways, akishirikiana na rubani Tom Campbell Black. Ndege zao zilikuwa ndege nyepesi, nyingine zikichukua abiria mmoja tu. Katika siku hizo hapakuwa na sauti ya mnara ya kumwambia rubani wakati wa kuruka wala wakati wa kutua. Rubani alitazama mfuko wa upepo, akatazama kushoto na kulia, akaruka. Ndege zilikuwa chache, mwendo wao ulikuwa mdogo, na anga lilikuwa pana. Kanuni iliyotawala ilikuwa moja: ona, kisha epuka.

Vita Kuu ya Pili ilipozuka mwaka 1939, ndege na marubani wa Wilson Airways waliingizwa katika kikosi cha akiba cha anga cha Kenya. Marubani waliokuwa wakichukua barua na abiria walivishwa sare, wakapewa kazi za ulinzi na upelelezi. Tangu siku hizo imekuwa dhahiri kwamba mpaka baina ya rubani wa kiraia na rubani wa jeshi ni mwembamba. Wanatumia anga moja, na aghlabu uwanja mmoja.

Baada ya vita mambo yalibadilika upesi. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi mwaka 1946. Mwaka 1948 iliundwa Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki, na chini yake huduma za usafiri wa anga za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ziliwekwa chini ya idara moja. Tarehe 2 Mei, mwaka 1952, ndege ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg, ikiwa ndiyo safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti iliyobeba abiria wa kulipa nauli, na njiani ilitua Entebbe, Uganda. Zama mpya zilikuwa zimeingia. Ndege ya jeti haikuweza kungoja rubani wa ndege ndogo atazame kushoto na kulia. Mwendo wake ulikuwa mkubwa mno.

Mwaka huohuo wa 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Ndege ndogo za polisi wa akiba zilitumwa juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuwatafuta wapigania uhuru wa Mau Mau, na ndege kubwa za mabomu aina ya Lincoln za jeshi la anga la Uingereza zikaruka kutoka Eastleigh. Wakati huohuo ndege za abiria ziliendelea kutua Eastleigh, na ndege za watu binafsi ziliendelea kuruka kutoka uwanja wa Nairobi Magharibi. Anga moja likawa na ndege za vita, ndege za polisi, ndege za abiria na ndege za wakulima wakubwa wa kizungu. Haikuwezekana tena kila mtu ajitegemee kwa macho yake.

Mwaka 1957 madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao, ambayo baadaye ilijulikana kote kwa jina la AMREF. Mwaka 1958 ulifunguliwa uwanja mpya wa Embakasi, ambao tangu mwaka 1978 unaitwa Jomo Kenyatta. Mwaka 1962 uwanja wa Nairobi Magharibi ulipewa jina la Wilson. Na Kenya ilipopata uhuru, Eastleigh ikawa kituo cha jeshi la anga la taifa jipya, lililoundwa mwaka 1964. Hivyo mji mmoja ukawa na viwanja vitatu, kila kimoja na kazi yake na desturi zake, vikiwa vimetengana kwa kilomita chache tu. Ndege inayopaa katika kimoja, kabla haijapata mwinuko wa kutosha, huwa tayari imekaribia njia za ndege za kiwanja kingine. Aidha, mji wenyewe uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Ndege ndogo huko hupanda polepole, hasa wakati wa joto la mchana, na upande wa kusini-magharibi imesimama milima ya Ngong.

Ili msikilizaji aielewe hatari yenyewe, hapana budi aelewe jinsi anga linavyogawanywa. Kukizunguka kiwanja kikubwa huwekwa eneo la anga ambalo hakuna ndege inayoruhusiwa kuingia bila kibali cha mwongozaji. Eneo hilo mara nyingi lina umbo la mwavuli: karibu na kiwanja huanzia ardhini, na kadiri mtu anavyokwenda mbali ndivyo sakafu yake inavyopanda juu. Ndani ya mwavuli, mwongozaji ana wajibu mzito wa kuzitenga ndege zinazoruka kwa kutegemea vyombo. Nje ya mwavuli, au chini ya kingo zake, rubani wa ndege ndogo yuko huru, na hapo mwongozaji humpa habari tu kadiri nafasi inavyoruhusu.

Kwa hiyo penye hatari kubwa zaidi si katikati ya mwavuli, bali pembezoni mwake. Hapo ndege kubwa inashuka kutafuta njia ya kutua, na ndege ndogo inapita chini au kando, ikijihesabu kuwa iko nje. Makosa ya mita 100 za mwinuko, au ya kilomita 2 za upande, yanatosha kuifanya iliyo nje iwe ndani. Yuko rubani ambaye, badala ya kuomba kibali apite katikati kwa usalama, hujipenyeza chini ya ukingo, akishuka karibu na vilima na nyaya za umeme, ili tu asizungumze na mnara. Anaona haya kusema kwa kuwa hajazoea lugha ya redio, au anahofia kukemewa mbele ya marubani wengine wote wanaosikiliza masafa yaleyale. Na yuko mwongozaji ambaye, akielemewa na kazi, humwona rubani huyo kuwa ni usumbufu, akamjibu kwa ukali au asimjibu kabisa. Hofu ya mmoja na dharau ya mwingine huzaa kitu kimoja, nacho ni ukimya.

Macho nayo yana mpaka wake. Ndege mbili zinazokuja uso kwa uso, moja kwa mwendo wa kilomita 185 kwa saa na nyingine kwa kilomita 370 kwa saa, hukaribiana kwa kadiri ya mita 154 kila sekunde. Kutoka umbali wa kilomita 3 hadi kugongana hazipiti sekunde 20. Mabawa ya Cessna 172 yana upana wa mita 11 tu, na kwa umbali huo ndege hiyo ni nukta katika kioo. Kibaya zaidi, ndege ambayo itagongana na nyingine haionekani kusogea upande wowote katika kioo cha rubani. Hukaa mahali pamoja, ikikua polepole, kisha ghafla hujaza dirisha lote. Jicho la mwanadamu huvutwa na kitu kinachosogea, na kisichosogea hulipita. Askari aliyewahi kulinda lindo usiku anaijua siri hiyo.

Mataifa mengine yalilipa gharama kubwa kujifunza jambo hili. Tarehe 25 Septemba, mwaka 1978, huko San Diego, Marekani, ndege ya abiria aina ya Boeing 727 ilikuwa ikishuka kutua. Katika anga hilohilo ilikuwamo Cessna 172 yenye marubani wawili, mmoja akimfundisha mwenzake kuruka kwa kutegemea vyombo. Waongozaji waliwaarifu marubani wa ndege kubwa juu ya ile ndogo. Wao wakajibu kwamba wameiona, na wakaagizwa waendelee kuitazama na kujitenga nayo. Baadaye hawakuiona tena, lakini hawakulitamka jambo hilo wazi. Maneno waliyoyasema redioni yalipokewa mnarani kana kwamba Cessna ilikuwa inapita na bado wanaiona, kumbe wao walikuwa wakidhani tu kwamba imekwisha kupita. Kwa upande wake, Cessna ilikuwa imeacha uelekeo iliyoagizwa kuufuata bila kumwarifu mtu. Sekunde 19 kabla ya kugongana kengele ya hatari ililia katika kituo cha rada, lakini waongozaji waliamini kwamba marubani wanaonana. Watu 144 walikufa, 7 kati yao wakiwa chini, katika mitaa yao.

Wachunguzi waliwatwika marubani wa ndege kubwa lawama ya kutomwarifu mwongozaji kwamba hawaioni tena ile ndogo. Lakini walisema pia kwamba utaratibu wa waongozaji ulikuwa na kasoro, kwa kuwa ulitegemea macho ya marubani mahali ambapo rada ingeweza kuzitenga ndege hizo. Neno moja lisilo wazi lilipita pande zote mbili, na hakuna aliyeuliza, "Una maana gani?"

Miaka minane baadaye, tarehe 31 Agosti, mwaka 1986, msiba ulijirudia juu ya mji wa Cerritos, karibu na Los Angeles. Ndege ndogo aina ya Piper, iliyochukua watu watatu wa familia moja, iliingia katika anga linaloongozwa bila kuomba kibali. Chombo chake cha kujibu rada hakikuwa na uwezo wa kuonyesha mwinuko wake, hivyo hata pale alama yake ilipoweza kuonekana, haikusema iko juu kiasi gani. Katika dakika hizohizo mwongozaji alikuwa akishughulika na ndege ndogo nyingine, nayo pia iliyoingia humo bila kibali. Piper iligonga mkia wa ndege ya abiria aina ya DC-9. Watu 64 waliokuwa ndani ya DC-9, watatu wa Piper, na 15 waliokuwa majumbani mwao walipoteza maisha, jumla watu 82.

Baada ya Cerritos, Marekani iliamuru kwamba ndege zinazoruka karibu na viwanja vikubwa, kwa kadiri ya kilomita 55 kuzunguka kila kiwanja, ziwe na chombo cha kujibu rada kinachotaja mwinuko. Sheria ya mwaka 1987 ikazilazimisha ndege kubwa za abiria kufungwa mtambo unaomwonya rubani kwamba ndege nyingine inamkaribia. Hatua hizo zimeokoa maisha ya wengi katika nchi nyingi. Lakini mtambo huo husikia tu ndege inayojibu. Ndege ndogo ambayo chombo chake kimezimwa, au hakipo, au kimeharibika, kwa mtambo huo ni kama haiko angani. Kwa hiyo hata katika zama za mitambo jambo limebaki lilelile: anayetaka kulindwa sharti ajitambulishe.

Hapa ndipo askari na polisi wanapoweza kuielewa habari hii upesi kuliko watu wengine. Mtu anapokaribia lango la kambi usiku, mlinzi humsimamisha na kumwuliza yeye ni nani. Mtu wa heri hujibu mara moja, kwa sauti, akataja jina lake na shughuli yake. Anayenyamaza hujiweka katika hatari, hata kama hana nia mbaya, na humweka mlinzi katika mtihani mgumu. Rubani wa ndege ndogo anapokaribia anga linaloongozwa yuko katika hali hiyohiyo. Aseme mambo manne: yeye ni nani, yuko wapi, yuko juu kiasi gani, na anataka kwenda wapi. Kisha angoje jibu, na jibu akilipata alirudie kama alivyolisikia, ili aliyelitoa ajue kwamba limefika salama. Asipojibiwa asihesabu ukimya kuwa ni kibali. Abaki nje, azunguke, aite tena.

Wajibu wa mwongozaji si mdogo kuliko huo. Mlinzi hodari hamtukani mpita njia kwa kuwa amesema kwa kigugumizi. Rubani mwanafunzi anayeita mnara kwa sauti ya kutetemeka amefanya jambo sahihi kuliko rubani mzoefu aliyenyamaza. Akikemewa, kesho hataita. Na atakapoacha kuita, atakayekosa habari ni mwongozaji mwenyewe, pamoja na abiria wa ndege kubwa ambao hawajui lolote.

Redio nayo inaweza kufa angani. Kwa hiyo dunia imeweka lugha nyingine. Rubani ambaye redio yake imeharibika huweka tarakimu 7600 katika chombo chake cha kujibu rada. Mwenye dharura huweka 7700, na aliyetekwa nyara huweka 7500. Mnara nao una taa: taa ya kijani isiyomweka humwambia aliye angani kwamba anaruhusiwa kutua, taa nyekundu isiyomweka humwambia awapishe wengine na aendelee kuzunguka, na nyekundu inayomweka humwambia kwamba kiwanja si salama, asitue. Masafa ya 121.5 yamewekwa kwa ajili ya hatari. Katika sehemu kubwa za Afrika, ambako mawasiliano na vituo vya ardhini yalikuwa hafifu kwa miaka mingi, marubani walijiwekea utaratibu wa kutangaziana wenyewe, katika masafa ya 126.9, mahali walipo na mwinuko wao. Huo ni ushahidi kwamba pale mnara usipofika, hekima ya kusema huweza kufika.

Lakini yapo mambo ambayo rubani na mwongozaji, hata wakiwa wema kiasi gani, hawawezi kuyatengeneza bila msaada wa serikali. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Shirika moja la ndege likawa mashirika matatu, na idara moja ya usafiri wa anga ikagawanyika vilevile. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa tangu Februari 1977 hadi Novemba 1983. Waongozaji waliokuwa watumishi wa idara moja wakawa watumishi wa serikali tofauti. Ndege haina habari na mifarakano ya wanasiasa. Ndege ndogo itokayo Wilson kwenda Kilimanjaro hutoka katika mikono ya kituo cha Nairobi na kuingia katika mikono ya kituo cha Dar es Salaam, na katika dakika ile ya kukabidhiana lazima watu wawili wa nchi mbili waaminiane. Ndiyo maana Jumuiya mpya, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi tarehe 30 Novemba, mwaka 1999, iliunda mwaka 2007 wakala wa pamoja wa kusimamia usalama wa usafiri wa anga, na makao yake yakawekwa Entebbe. Kilichovunjwa mwaka 1977 hakikurudi chote, lakini ilikubaliwa kwamba anga halilindwi na nchi moja peke yake.

Baada ya ajali kama ile ya Machi 2024 husikika rai kwamba ndege ndogo ziondolewe karibu na mji. Rai hiyo ina sehemu ya ukweli. Kupeleka mafunzo ya awali katika viwanja vyenye ndege chache hupunguza msongamano, na mamlaka za nchi zina haki ya kulipima jambo hilo. Lakini haifai kusahau kazi ya ndege ndogo. Kutoka Wilson huruka ndege za madaktari, ndege za kuhesabu na kulinda wanyamapori, ndege za polisi, ndege za watalii waendao Maasai Mara, na kwa miaka mingi ndege za miraa ziendazo Somalia. Mgonjwa wa kijijini aliyevunjika mgongo hachukuliwi na Boeing. Na kila rubani wa ndege kubwa, wa kiraia au wa jeshi, alianza siku moja katika ndege ndogo, akiwa na mwalimu kando yake. Tena kiwanja kikihamishwa, ukingo wa mwavuli huhama nacho. Wajibu wa kusema hauhamishiki.

Lipo jambo jingine linalohusu vyombo vya dola moja kwa moja. Mkataba wa Chicago, uliotiwa sahihi tarehe 7 Desemba, mwaka 1944, unasema kwamba ndege za jeshi, za forodha na za polisi ni ndege za dola, na haziko chini ya kanuni zote za ndege za kiraia. Lakini kifungu hichohicho cha tatu kinaitaka kila nchi, inapotoa amri kwa ndege zake za dola, izingatie usalama wa ndege za raia. Kwa hiyo uhuru wa ndege ya jeshi umefungamanishwa na wajibu. Tarehe 13 Septemba, mwaka 1997, ndege mbili za kijeshi, moja ya Ujerumani na nyingine ya Marekani, ziligongana juu ya bahari mbali na pwani ya Namibia, na watu wote 33 wakafa. Ndege ya Ujerumani ilikuwa katika mwinuko usiolingana na mpango wake wa safari, na habari zake hazikuwa zimepokezwa ipasavyo kutoka kituo kimoja cha waongozaji hadi kingine. Sare ya jeshi haikuwakinga.

Kadhalika, baada ya ndege ya abiria ya Korea kutunguliwa tarehe 1 Septemba, mwaka 1983, na watu 269 kufa, mataifa yalikubaliana mwaka 1984 kuongeza katika mkataba huo kifungu kinachozitaka nchi zijizuie kutumia silaha dhidi ya ndege za kiraia zilizo angani. Ndege ndogo inayopotea na kunyamaza juu ya kambi inaweza kuwa adui. Mara nyingi zaidi ni mwanafunzi aliyepotea njia, au rubani ambaye redio yake imekufa. Afisa anayejua namba ya simu ya kituo cha waongozaji, na mwongozaji anayejua namba ya simu ya kambi, wanaweza kumaliza kwa dakika moja jambo ambalo lingeweza kuwa msiba. Simu hiyo haifai kutafutwa siku ya hatari. Inafaa iwe imekwisha kupigwa mara nyingi siku za amani.

Mwisho ni suala la adhabu. Mwaka 1976 Marekani ilianzisha utaratibu ambao rubani au mwongozaji aliyekosea, au aliyenusurika ajali, huandika taarifa na kuipeleka, si kwa idara inayotoa adhabu, bali kwa shirika la NASA. Huko jina lake huondolewa, na funzo hutangazwa kwa wote. Kosa lisilo la makusudi, lisilo la jinai na lisilozaa ajali, likiripotiwa katika siku 10, humwepushia mwenye kosa adhabu. Katika majeshi, ambako nidhamu ndiyo uti wa mgongo, wako watakaosema kwamba huko ni kulea uzembe. Lakini nidhamu si woga. Askari anayeficha kwamba bunduki yake ilifyatuka kwa bahati mbaya, kwa kuogopa kufungwa, ameiacha kasoro hiyo ije imwue mwenzake. Anayepuuza sheria kwa kusudi na aadhibiwe. Anayekiri kosa lake ili wengine wapone, huyo ameifanya kazi ya ulinzi.

Watu wawili waliokufa katika Mbuga ya Nairobi walikuwa mmoja akifundisha na mwingine akijifunza. Kazi hiyo haikufa pamoja nao. Kila asubuhi katika viwanja vya Afrika Mashariki mwanafunzi mwingine hupanda Cessna, hushika kipaza sauti, huita mnara kwa mara ya kwanza. Atakavyojibiwa siku hiyo ndivyo atakavyokuwa rubani maisha yake yote. Akijibiwa kwa utulivu atajua kwamba mnara ni mwenzake, na hatanyamaza tena. Kwa nchi jirani, na kwa kila nchi yenye anga la kulinda, huo ndio ulinzi wa bei nafuu kuliko wote. Hauhitaji rada mpya wala silaha mpya. Unahitaji mmoja aseme, na mwingine asikie.